Ngoma ya Kukumbuka Mwisho wa Utumwa: Iwe ya Hiari, na Iwe Yetu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi mbele ya wanachama, Nyamache. Yanachapwa hapa kwa ombi la wanachama, kusudi wale waliokuwa zamu nao wapate kuyasoma kabla ya kura.)



Shauri lililo mbele yenu ni hili. Wanachama wengine wameomba kwamba hapa petu pa kazi tuwe na siku moja kila mwaka ya kukumbuka mwisho wa utumwa, kwa ngoma, nyimbo na vyakula vya makabila yetu. Halmashauri imelipenda shauri lenyewe. Lakini juu ya namna ya kulifanya tulibishana sana, na mabishano yale yalikuwa na maana. Kwa hiyo tumetumwa kuwaeleza habari yote, ili mpige kura mkijua mnalopigia.

Wako waliosema hivi: "Sisi watu wa Gusii hatukuuzwa Mkunazini. Utumwa ni habari ya pwani. Tuna haja gani ya kuichezea ngoma?" Neno hili lina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba hapa kwetu hapakuwa na soko la watu kama lile la Unguja. Lakini jibu tunalo vinywani mwetu kila siku, maana kila asubuhi watu hapa wanaitwa kwa jina moja: kibarua.

Neno hili latoka wapi? Kibarua ni barua ndogo. Zamani katika miji ya pwani, mwenye watumwa aliweza kumtoa mtumwa wake akafanye kazi kwa mtu mwingine kwa kutwa. Jioni mfanyaji kazi alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba ametimiza siku yake, na kikaratasi kile ndicho kilichobadilishwa kwa fedha. Sehemu ya fedha ile ilikwenda kwa bwana wake. Basi jina la kikaratasi likawa jina la mtu. Utumwa ulikwisha, bwana akaondoka, lakini jina likapanda reli na barabara mpaka likafika milimani kwetu. Mtu akisema kwamba habari ya pwani haituhusu, na alitazame jina analoitwa wakati wa kugawa kazi.

Sasa tutazame utumwa ulikwishaje, maana hapo ndipo pana fundisho kwa chama cha wafanyakazi.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba utumwa ulikwisha siku moja, mkubwa mmoja alipotia sahihi. Haikuwa hivyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano na Waingereza, soko la Mkunazini likafungwa. Mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Kiingereza, nalo lasimama hata leo. Lakini mapatano yale yalizuia kuwauza watu kupitia baharini na sokoni. Hayakumfungua aliyekuwa mtumwa tayari. Huyo aliendelea kulima karafuu Unguja na Pemba, na kulima mtama na minazi Malindi na Mombasa.

Ikapita miaka 24. Tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri kwamba Unguja na Pemba sheria haitautambua tena utumwa. Hata hapo mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Aliyekuwa suria hakupewa haki ile mpaka mwaka 1909. Tena amri ile ilisema kwamba aliyepata uhuru lazima aonyeshe kwamba ana makao ya kudumu na njia ya kujilisha. Asipoonyesha, ahesabiwe mzururaji. Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907. Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922.

Na malipo je? Hapa twaomba kila mtu asikilize. Malipo yalikuwapo. Unguja mwaka 1897 na Mombasa mwaka 1907, serikali ilitoa fidia kwa wenye watumwa, kwa sababu wamepoteza mali. Aliyekuwa amelima shamba miaka thelathini bila mshahara hakulipwa kitu. Na hii haikuwa desturi ya huku kwetu peke yake. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1834, ilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa, na watumwa wengi wakaendelea kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838, kwa jina la uanagenzi. Deni lililotokana na malipo yale lilimalizwa kulipwa na serikali ya Uingereza mwaka 2015. Haiti nako watu walijifungua wenyewe kwa vita, wakapata nchi yao mwaka 1804; lakini mwaka 1825 Ufaransa iliwadai faranga milioni 150, na madeni ya jambo lile yaliwakalia shingoni mpaka mwaka 1947. Maana yake, watumwa walinunua uhuru ambao walikuwa wameupigania kwa damu.

Huko Texas, Marekani, tarehe 19 Juni 1865 jemadari alitangaza kwamba watumwa wote ni huru. Siku hiyo husherehekewa sana, na tangu mwaka 2021 ni sikukuu ya taifa lao. Makampuni mengi hufanya karamu kwa wafanyakazi. Lakini tangazo lile lile liliwashauri waliofunguliwa wakae kimya pale pale kwa mabwana wao wa zamani, wafanye kazi kwa ujira, na kwamba wakikaa bure hawatasaidiwa. Mwaona, ndugu, jinsi Unguja na Texas zilivyosema neno moja: umekuwa huru, lakini usiondoke shambani.

Na sisi wa bara, neno hilo lilitufikia kwa njia nyingine. Waingereza walikuja Gusii kwa bunduki mwaka 1905, wakaja tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao Northcote. Walisema wameleta amani na kwamba bendera yao ni adui wa utumwa. Kisha ikaja kodi ya nyumba, ambayo lazima ilipwe kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa wazungu wenye mashamba. Katika vita ya 1914 hadi 1918 vijana wetu walichukuliwa kuwa wapagazi, wale walioitwa Karia Kori, na wengi hawakurudi. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Tangu wakati ule pia kila mwanamume Mwafrika, tangu umri wa miaka 16, alibeba kipande ndani ya kibati shingoni, chenye alama za vidole vyake na jina la tajiri wake. Akiacha kazi bila ruhusa, halikuwa jambo la kuvunja mapatano tu. Lilikuwa kosa la jinai, akakamatwa na polisi.

Babu zetu wengine walikwenda Kericho kuchuma chai na kipande shingoni. Hawakuwa watumwa. Lakini walijua maana ya kazi ambayo mtu hana ruhusa ya kuiacha.

Hapo twataka kusema neno la uangalifu. Tusilitumie neno utumwa ovyo. Katika mikutano mtu akikatwa shilingi mia husema, "Huu ni utumwa." Mshahara mdogo ni dhuluma, na chama kipo kwa ajili ya kuishindania dhuluma hiyo. Lakini mtumwa hakuweza kuondoka, hakuweza kukataa, na mtoto wake aliweza kuuzwa. Tukiliita kila jambo utumwa, tutawadharau waliouzwa, tena siku tutakapokutana na utumwa wenyewe hatutakuwa na jina la kuuita.

Kipimo chetu kiwe swali moja: je, mtu huyu aweza kuondoka? Ukiuliza hivyo, utaona kwamba kazi haijaisha. Wako mabinti wa nchi hii, na wa milima hii yetu, waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wengine wamepata mabwana wema, wamelipwa, wamewajengea wazazi wao. Hatutaki kuwanyima sifa. Lakini wengine wamenyang'anywa pasipoti na simu siku ya kwanza, wakaambiwa hawawezi kutoka mpaka mkataba uishe. Saudi Arabia ilifuta utumwa mwaka 1962, Oman mwaka 1970. Hayo ni mambo ambayo wazee walio hapa wanaweza kuyakumbuka. Mwaka 2021 Saudi Arabia ililegeza sheria ya kumfunga mfanyakazi kwa tajiri mmoja, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya malegezo yale. Basi hilo swali la kuondoka ni swali la mwaka huu, la nyumba za jirani zetu.

Sasa ngoma inaingiaje? Wengine walisema, "Mambo mazito kama haya, mwayachezea?" Twawajibu kwamba waliotoka utumwani ndio waliotufundisha. Unguja na pwani, mtumwa alivaa kaniki au kitambaa duni. Mwanamke aliyepata uhuru alitafuta kanga yenye rangi, kusudi kila mtu amwonapo njiani ajue. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika jamaa ya watu wa asili ya utumwa, akaja mjini, akaimba hata mwaka 1928 akaenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Alikuwa akiuza vyungu vya mamake kabla ya hapo.

Tena pwani ilizaliwa ngoma ya beni, tangu miaka ya 1890, kwa tarumbeta na gwaride. Mombasa walikuwa na Kingi na Skochi, Tanganyika Marini na Arinoti. Wageni walidhani ni mchezo wa kuiga wazungu. Lakini wanachama wa beni walichanga fedha, walimuuguza mgonjwa, walimzika aliyekufa mbali na kwao. Askari na wapagazi waliichukua ngoma ile mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini. Na wachimbaji walipogoma kule mwaka 1935, tume ya serikali iliuliza sana habari za wachezaji wa Mbeni. Mombasa nako, tarehe 13 Januari 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja, na miongoni mwao walikuwamo vibarua wengi wa bandari. Walikutana uwanjani palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa umoja wao. Kwa hiyo mtu asiidharau ngoma. Mahali ambapo watu hawakuruhusiwa kuwa na chama, ngoma ilikuwa chama.

Na sisi Abagusii tuna yetu. Wazee wetu walikuwa na risaga: majirani wanakutana kulima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, nyimbo zikiongoza majembe, na mwisho pombe ya wimbi. Hakukuwa na nyapara wala mjeledi. Aliyeacha kuja bila sababu alijua kwamba siku yake naye atalima peke yake. Kama twataka kuonyesha watoto wetu kinyume cha utumwa ni nini, tusiishie kwenye hotuba, tuwaonyeshe risaga. Tuwaletee obokano, tuwapikie obokima na chinsaga. Ndugu zetu Waluo, Wakipsigis na Waluhya wanaofanya kazi nasi nao walete yao, kwa lugha zao, bila mtu kuwacheka.

Lakini halmashauri imeona hatari tatu, nasi hatutazificha.

Hatari ya kwanza ni ngoma ya kuonyeshwa wageni. Tumeona katika kampuni moja, ambayo hatuitaji, wafanyakazi waliitwa kucheza mbele ya wageni waliokaa kivulini, picha zikapigwa, na mwisho wa mwezi waliocheza wakakuta siku ile haikuandikwa. Walikumbuka mwisho wa utumwa kwa kufanya kazi bure. Na Marekani mwaka 2022 duka moja kubwa lilitengeneza aiskrimu ya kuuza kwa jina la siku yao ya uhuru. Watu wakakasirika, likaiondoa. Siku ya namna hii ikishikwa na mwenye mali peke yake, huwa bidhaa.

Hatari ya pili ni kulaumiana kwa kabila na dini. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Waarabu na Waswahili waliendesha misafara. Machifu na wafanyabiashara Waafrika waliuza mateka. Wahindi walikopesha fedha. Wafaransa na Wazungu wengine walinunua watu kwa mashamba yao ya visiwani. Na Marekani na Ulaya zilinunua pembe na karafuu bila kuuliza zimebebwa na nani. Atakayesimama siku hiyo kumtukana Mwislamu au Mkristo, tutamwomba akae chini.

Hatari ya tatu ni kina mama. Ndugu wanaume, tuseme kweli. Sherehe nyingi hapa kwetu ni hivi: wanaume wanasikiliza hotuba, wanawake wanaosha masufuria. Siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa haiwezi kuwa hivyo.

Basi halmashauri yaleta mbele yenu masharti haya:

1. Siku iwe tarehe 23 Agosti. Tumepima tarehe nyingine. Tarehe 5 Juni na 6 Aprili ni siku ambazo wakubwa walitia sahihi. Lakini usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Agosti 1791, katika nchi ile ambayo leo ni Haiti, watumwa wenyewe waliinuka. Shirika la UNESCO limeifanya siku hiyo kuwa kumbukumbu ya dunia nzima. Siku hiyo hiyo tuwakumbuke na watoro wa pwani yetu, waliokimbia wakajenga kijiji chao Fuladoyo, na wale walioingia Rabai wakakataa kurudishwa, hata mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ikalazimika kuwapa zaidi ya watu 1,000 vyeti vya uhuru. Na hapo pia waliolipwa ni mabwana zao.

2. Kuja ni hiari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 44, yasema mtu asilazimishwe kufuata desturi ya utamaduni. Hakuna karani wala kiongozi wa chama atakayeandika majina ya wasiokuja.

3. Mtu asipoteze mshahara. Wanaolipwa kwa kilo wakiacha kuchuma ili wacheze, watakuwa wameilipia ngoma kwa chakula cha watoto. Kwa hiyo tuanze baada ya majani kupimwa. Kwa walio zamu tutaandika barua ya kuomba saa mbili zenye malipo, na jibu la barua hiyo litabandikwa ubaoni, liwe la ndiyo au la siyo.

4. Wakubwa wa kazi waalikwe, waketi kwenye mabenchi yale yale, wale katika sahani zile zile. Wakitaka kusaidia, walete unga au sukari. Fedha tutachanga wenyewe, kila mchango kwa stakabadhi, na hesabu isomwe katika mkutano unaofuata.

5. Kupika na kuosha vyombo kugawanywe kwa kura, wanaume na wanawake sawasawa.

6. Kabla ya ngoma kuwe na nusu saa ya kusoma. Kisomwe kifungu cha 30 cha Katiba, kinachokataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Cha 25, kisemacho kwamba uhuru wa kutofanywa mtumwa hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Na cha 41, cha haki ya ujira wa haki, chama na mgomo. Wasomaji wawe vijana, na kisomwe kwa Kiswahili na kwa Ekegusii.

7. Siku hiyo kiwekwe mezani kitabu. Mzazi mwenye binti au kijana Ghuba aje aandikishe jina lake, jina la wakala aliyempeleka, mji alioko, na siku aliyosikia sauti yake mara ya mwisho. Anayetaka kwenda naye aje aulize kwanza kama wakala wake ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na aache nakala ya mkataba kwa wazazi. Kitabu kikae kwa katibu, kisionyeshwe mtu bila ruhusa ya jamaa. Atakayekuwa kimya muda mrefu, chama kitaandika barua kwa serikali.

Sharti hili la saba lilichelewa kukubaliwa. Mjumbe mmoja alisema kwamba tutaharibu furaha ya siku. Mama mmoja mwenye binti Riyadh akamjibu kwamba kama kitabu hakitakuwapo, yeye hatakuja kucheza. Halmashauri ilinyamaza, kisha ikakubali.

Ndugu wanachama, sheria za mwaka 1897 na 1907 zilitangaza uhuru, zikamwacha aliyefunguliwa asimame mbele ya bwana wake akiwa peke yake, bila ardhi, bila akiba, bila chama. Ndiyo maana uhuru wake ulikuwa mwembamba. Kazi ya siku hii ni kuhakikisha kwamba hakuna mmoja wetu anayesimama peke yake namna ile, awe shambani Nyamache au jikoni kwa mtu Riyadh.

Kura itapigwa katika mkutano wa mwezi ujao, kwa kuinua mikono, sharti moja moja. Anayepinga sharti lolote aandike au amwambie mjumbe wa zamu yake kabla ya siku hiyo, naye atapewa nafasi ya kusema. Wenye obokano, na wanaojua nyimbo za risaga, wajiandikishe kwa katibu hata kabla ya kura, maana wazee wanaozijua wamebaki wachache.

Hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Umoja ni nguvu.